Simu Tatu za Mama Esperance

Ninyi mnaofunga simu za ofisi siku hizi mnafanya kazi mmekaa. Nimewaona. Mnafungua kompyuta, mnaandika jina la mtu, mnabonyeza hapa na pale, mnakunywa soda, kazi imekwisha. Sina kinyongo. Mimi nilianza mwaka 1996 hapa Mbarara, ngazi begani na koleo mfukoni, na laiti ningepewa kiti siku zile ningekaa bila kubembelezwa. Lakini mmetaka niwaeleze habari ya makundi ya simu, hasa yale ya mtu mmoja mwenye simu nyingi, na hapo sina budi kuwachosha kidogo, kwa sababu ni kazi rahisi kuifanya na rahisi zaidi kuiharibu bila kujua.

Tuelewane kwanza kuhusu neno. Katika mtambo wa simu za ofisi kuna makundi ya aina mbili. Aina ya kwanza ni watu wengi, namba moja. Mgeni anapiga namba ya mapokezi, simu zinaita kwa Rose, kwa Moses na kwa askari wa getini, na atakayewahi kushika ndiye mwenye mgeni. Aina ya pili ni mtu mmoja, simu nyingi. Rose ana simu ya mezani, ana nyingine isiyo na waya anayotembea nayo mpaka stoo, tena ana ile ya mkononi. Zote tatu zina jina la Rose na namba ya Rose. Ukimpigia, zote zinaita. Akishika moja, mbili zinanyamaza. Akiwa anaongea kwenye moja, mtambo unatakiwa ujue kwamba Rose mzima anaongea, usije ukampigia kelele kwenye hizo mbili nyingine eti ziko wazi. Kwa kifupi, mtambo unatakiwa umfikirie mtu na usahau vifaa. Nimeisema sentensi hiyo kwa wanafunzi wangu mara nyingi kuliko nilivyowasalimia, na bado mimi mwenyewe iliniangusha.

Aliyenifundisha kazi tulimwita Mzee Waya. Jina lake la kweli tulilijua siku ya msiba wake, lilipotajwa kanisani, tukatazamana. Alikuwa mfupi, mkali kuhusu chai, na alikuwa na amri moja: usimpe mtu simu kabla hujamwona anavyotembea. Akiitwa kufunga simu mahali, siku ya kwanza hakugusa kitu. Alikaa kwenye benchi na kikombe chake akiwatazama watu wa ofisi wakienda na kurudi. Wenye ofisi walimwona mvivu, na wengine walipiga simu kwetu kulalamika. Siku ya pili alichukua chaki akachora sakafuni njia za kila mtu, na pale mistari ilipokutana ndipo alipoweka simu. Simu zake hazikuhamishwa tena.

Mimi amri hiyo niliisikia kwa sikio moja. Mwaka mmoja nilitumwa peke yangu kwa masista upande wa Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi. Mama mkuu wao alikuwa mtu wa kutotulia: asubuhi jikoni, mchana bustanini, jioni ofisini. Nikampa simu tatu zenye jina lake, zote ziite pamoja, na nikajiona nimefika. Ya tatu niliitundika kwenye chumba kidogo kwa sababu ndimo soketi ilimokuwa, sikuuliza ni chumba cha nini. Jumapili ya kwanza, watu wakiwa kimya baada ya komunyo, mtu akapiga kutoka Masaka. Simu zikalia jikoni, ofisini na nyuma ya altare. Zililia mpaka yule mtu wa Masaka akachoka. Kesho yake mama mkuu aliniita, akanipa kiti, akaniambia kwa upole wa kuogopesha: "Binti yangu, Mungu akitaka kuniita, namba yangu anaijua." Mzee Waya alipopata habari alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanirudisha kwa masista nikae kwenye benchi siku mbili bila kugusa kitu.

Mtego mwingine uandikeni kabisa. Simu ya mkononi iliyozimwa haikai kimya kama ya mezani. Ukiiingiza kwenye kundi na mwenyewe akaizima, yule mwanamke wa mtandao anaipokea yeye: namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Mtambo ukisikia sauti unafikiri Rose ameshika, unazinyamazisha zile simu nyingine mbili, na Rose amekaa mbele yazo mikono mapajani. Kuna mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mjini aliyenihakikishia kwamba wateja wake wote wanaongea na mwanamke asiyemjua, na mke wake alikuwa ameshaanza kumwuliza ni nani. Dawa yake ni kuuambia mtambo usikubali kuwa ile ya mkononi imepokelewa mpaka mtu abonyeze tarakimu moja. Yule mwenye duka alinishukuru sana, na mke wake zaidi.

Sasa nije Nakivale. Kampuni yetu ilipata kazi ya kufunga simu kwenye ofisi ya shirika moja kule kwenye kambi ya wakimbizi. Jina lake halina haja. Ofisi zilikuwa makontena mawili na banda la mabati, na mbele yake watu walisubiri tangu asubuhi na vyeti vyao mkononi. Meneja alikuwa Mnyankore ambaye Kiswahili alijifunzia barabarani, na wafanyakazi wengi walikuwa wakimbizi wenyewe, Wakongo wa Kivu Kusini. Kiswahili changu mimi ni cha kambi nyingine: baba alikuwa mwanajeshi, nikakulia Makenke, kambi ya jeshi hapa Mbarara, ambako Mwacholi na Mlugbara na Mnyankore wanagombana na kuombana chumvi kwa lugha hiyo hiyo. Nilidhani nitaelewana na kila mtu.

Nikawakusanya wafanyakazi na karatasi yangu nikatangaza: "Kila mtu aniandikie jina lake hapa. Nitawagawa kwenye makundi, kila mtu na kundi lake." Baada ya chakula cha mchana nusu yao hawakurudi. Saa tisa alikuja mchungaji na wazee wanne wa kanisa, wamevaa makoti kwenye jua lile, wakaniuliza kwa heshima ni kundi lipi litapanda lori la kwanza. Kwa mtu aliyekaa kambini, orodha ya majina iliyogawanywa makundi ni jambo moja tu: watu wanahamishwa, au wanarudishwa walikotoka. Mimi nilikuja na neno la kitabu cha mtambo nikatia hofu watu waliokuwa wamelima mahindi yao vizuri.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa makamo aliyebaki kwenye kiti chake kaunta. Alikuwa amevaa kitenge cha kwaya na kalamu sikioni.

"Dada," akaniuliza, "hiyo kundi ni ya kwenda wapi?"

"Haiendi popote, mama. Inakaa hapa mezani. Ni simu tu."

"Ya simu?"

"Ya simu."

Akacheka, akatoka nje, nikamsikia akiita ng'ambo ya ua kwa Kiswahili chao na kwa Kifuliiru. Wakarudi mmoja mmoja, wengine wakijifanya walikuwa msalani. Tangu siku hiyo sikuandika tena neno kundi kwenye karatasi ya Nakivale. Niliandika simu za fulani, simu za fulani.

Yule ndiye Mama Esperance. Kwao alikuwa mwalimu. Nakivale alilima kwa miaka kabla ya kupata kazi ya kaunta, na kazi hiyo ndiyo iliyomlea yeye na watoto watano. Kazi yenyewe ilikuwa moja: kushika namba ya ofisi. Pampu ya maji imeharibika kanda ya Rubondo, wanampigia. Mgonjwa anahitaji gari, wanampigia. Bati limeezuka shuleni, wanampigia. Yeye anasikiliza, anauliza mawili matatu, anamtuma anayehusika. Nilikaa kwenye benchi, safari hii kwa hiari yangu, nikamwona anavyotembea: kaunta, stoo, mpaka foleni ya nje kutuliza ugomvi, tena kaunta. Nikampa simu tatu. Ya mezani kaunta, isiyo na waya kiunoni, na ya mkononi, ambayo aliifunga kwenye pindo la kitenge. Zote tatu kwa jina lake, zote ziite pamoja, ukishika moja nyingine zinyamaze. Nilijaribu kila kitu mara mbili. Hakuna altare, hakuna mwanamke wa mtandao. Nikarudi Mbarara nikipiga mluzi.

Mtambo wa aina ile ulikuwa na kipaji kimoja nilichokipenda kupita kiasi: uliandika kila kitu. Nani kapiga, saa ngapi, iliita sekunde ngapi, ilipokelewa au la. Iliyopokelewa mstari wa kijani, isiyopokelewa mwekundu. Nikatengeneza ripoti ya kila mwezi, nikaitia sahihi yangu kubwa na jalada la plastiki, nikawapelekea wateja wetu wote. Hawakuwa wameomba. Walipenda zile rangi, nami nikavimba kichwa, maana hakuna fundi mwingine Mbarara nzima aliyekuwa anatoa kitu kama hicho.

Mwaka na miezi kadhaa baadaye meneja wa Nakivale alinipigia. "Madam Fundi, kuja. Kuna mtu natoa."

Nilipofika nilikuta ripoti yangu mezani kwake, imefunguliwa, na kando yake barua iliyochapwa tayari. Mama Esperance alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono mbele.

"Angalia hii," meneja akasema. Akapitisha kidole kwenye ukurasa. "Red, red, green. Red, red, green. Huyu mama hapana shika simu. Watu nateseka huko kwa zone, yeye naimba kwaya."

"Shefu," Mama Esperance akasema, "mi sikukatalaka simu ya mutu hata siku moja. Ulizeni batu."

"Watu naweza danganya. Machine hapana danganya." Akanigeukia. "Wewe toa jina yake kwa hiyo simu. Weka mwingine. Mimi hapana taka maneno mingi."

Niwaambie ukweli: nilimwamini meneja. Mtambo ule nilikuwa kama nimeuzaa mimi, na mtambo ulisema simu mbili katika kila tatu hazikupokelewa. Nilimtazama yule mama nikasema moyoni, kumbe. Nikakaa mbele ya kompyuta, nikafungua ukurasa wake. Kumwondoa mtu ni kazi ya dakika tano. Unafuta jina, unaandika jina. Nyuma yangu mwanamke alikuwa anamwaga unga wa watoto watano, na mimi nilikuwa natafuta kitufe cha kufuta.

Kilichonizuia ni mazoea tu. Mzee Waya alitufundisha kwamba kabla hujakata laini unaipigia kwanza, uhakikishe unakata laini unayodhani unaikata. Nikapiga namba yake. Ya mezani ikalia kaunta, nyingine ikalia kiunoni mwake, nyingine kwenye kitenge. Alikuwa ameambiwa hana kazi, lakini mkono wake haukusubiri ruhusa. Ilikuwa haijalia mara ya pili akawa ameshika ile ya kiunoni.

"Allo, bureau ya Nakivale, Mama Esperance anasikiliza."

Kwenye kompyuta mbele yangu ikatokea mistari mitatu. Mmoja kijani. Miwili miekundu.

Nikakata. Nikapiga tena. "Allo, bureau ya Nakivale." Kijani, nyekundu, nyekundu.

Mmeelewa? Simu moja, mtu mmoja, amepokea vizuri kabisa, na mtambo umeandika mistari mitatu: kifaa hiki kimepokelewa, kile hakikupokelewa, na kile hakikupokelewa. Zile simu mbili alizozinyamazisha kwa kushika ya tatu ziliandikwa kama alizozikataa. Mtambo uliita ukimfikiria mtu, lakini uliandika ukifikiria vifaa. Kulikuwa na mahali pa kubadilisha hilo, kisanduku kidogo kwenye ukurasa wa ripoti ambacho sikuwahi kukitazama kwa sababu nilikuwa nashughulika na jalada la plastiki. Na kadiri nilivyompa mtu simu nyingi ili apatikane kwa urahisi, ndivyo nilivyomfanya aonekane mzembe zaidi.

Naona wengine wenu mnafikiri nilisimama papo hapo kumtetea. Hapana. Nilifikiria kampuni yetu, nikafikiria jina langu, nikafikiria kwamba chumba kile chote hakuna aliyejua nilichokiona isipokuwa mimi. Ningeweza kutia alama kwenye kile kisanduku, nikasema mtambo una hitilafu ndogo, ripoti ya mwezi ujao ikatoka kijani tupu kwa jina la mtu mwingine. Niliona aibu kuliko nilivyoona huruma, nasema wazi. Kisha Mama Esperance akaifuta ile simu ya kiunoni kwa pindo la kitenge chake, akaiweka mezani kwa meneja taratibu, kama mtu anayerudisha sahani ya jirani, na hapo nikashindwa.

"Meneja," nikasema, "karatasi imekosea. Mimi ndiye niliyekosea."

Hakuniamini. Nikamwambia apige mwenyewe. Akapiga mara nne, na mara zote nne mama akapokea, na mara zote nne meneja akainama kwenye kompyuta kuhesabu mistari kama mtu anayetafuta mchanga kwenye mchele. Alikuwa mtu makini, hilo nampa. Akaichukua ripoti tena akatafuta, akapata mahali pengine.

"Na hii? Hii yote tatu red. Hapana green hata moja."

Mistari ya namna hiyo ilikuwa mingi. Mama Esperance akaja akatazama.

"Hizo ni za kubipe, Shefu."

"Nini?"

"Kubipe. Mutu hana unité ya kupigia simu. Anapiga, inalia mara moja, anakata. Mi naona namba, minamurudilia na simu ya bureau. Hii ya hapa ni Mama Shabani wa pompe. Hii ni pasta. Nikishika mbio, ninamukulia unité yake yote, kesho hatapiga. Kwa hiyo namba za batu ninazozijua, minaacha ilie mara moja kwanza."

Meneja akanitazama. Nikatoa ripoti ya pili, ya simu zinazotoka, ambayo sikuwahi kuichapa kwa sababu haikuwa na rangi za kupendeza. Tukaziweka sambamba. Kila mahali palipokuwa na mistari mitatu miekundu iliyoita sekunde mbili tatu, upande wa pili palikuwa na simu kutoka kaunta kwenda namba ile ile, dakika hiyo au inayofuata. Tulifuata kwa rula ukurasa mzima. Alikuwa amewarudia wote. Ninyi mnaojua kuweka sheria za mtambo, jueni kwamba watu wana sheria zao za simu tangu kabla hamjafika, na mtambo hauzijui mpaka umwulize aliyekaa kaunta.

Meneja akachukua ile barua akaiweka kwenye droo. Hakuomba radhi. Aliuliza kama kuna chai. Mama Esperance akaichukua simu yake mezani akairudisha kiunoni, akaenda kuitazama chai mwenyewe. Nikapewa kikombe cha kwanza, na kilikuwa na sukari nyingi.

Nilitia alama kwenye kile kisanduku siku hiyo hiyo. Fanyeni hivyo kabla ya kitu kingine chochote: hesabu simu kwa jina la mtu, ikipokelewa popote imepokelewa, na zilizokatwa kabla ya sekunde tano ziwekwe ukurasa wake peke yake. Kampuni yetu haikupewa tena kazi kwenye ofisi ile, na mkubwa wangu aliniuliza kwa nini sikurekebisha kimyakimya kama mtu mzima. Miaka miwili baadaye, 2015, nilistaafu, na yeye alikuwa wa kwanza kunipa mkono.

Lakini kuna jambo Mama Esperance alinipa nilibebe. Nilipokuwa nafunga mkoba wangu alikuja mpaka kwenye gari. Nilidhani anakuja kunishukuru, nikaanza kutengeneza uso wa unyenyekevu.

"Dada," akasema, "iyi karatasi yako, uliisha kuitoa fasi ingine?"

Nikasema ndiyo, nimeipeleka na kwa wateja wengine.

"Mingi?"

"Nyingi, mama."

Akatikisa kichwa, akarudi kaunta, maana simu ilikuwa inalia.

Wiki ile nilizunguka kwa wateja wote wenye watu wa simu mbili au tatu. Wengi hawakuwa wamezisoma ripoti zangu kabisa. Walizitumia kuzuia mlango na kuwekea sufuria, na sijawahi kufurahi hivyo kudharauliwa. Mahali pamoja tu walisoma. Ilikuwa nyumba ya wageni hapa mjini. Nilimwulizia Akello, msichana wa mapokezi niliyempa simu tatu. Mwenye nyumba akaniambia alimwachisha kazi mwaka uliopita. "Alikuwa mzuri," akasema, "ila simu hashiki. Wewe si ndiye uliyeleta ile karatasi?" Nikaomba kuuona mtambo. Kumbukumbu zake zilikuwa bado mle ndani. Nikazihesabu upya kwa jina badala ya kifaa. Zilizompita hazikujaza vidole vya mkono mmoja. Mwenye nyumba alitazama pamoja nami, akasema bahati mbaya, nafasi ile ameshapewa mtu mwingine.

Akello nilimpata Makenke. Mume wake alikuwa mwanajeshi, na yeye alikuwa anauza chapati na maharage kwenye kibanda nje ya geti. Alinikumbuka. Nikaomba vikombe vitatu, nikavipanga kwenye meza yake, nikamweleza kwa vikombe: hiki ukikishika, hivi viwili vinanyamaza, na mimi nikaandika kwamba hivi viwili umevikataa. Alisikiliza akigeuza chapati. Nilipomaliza akaitoa kwenye moto, akafunika maharage, akakaa.

"Madam, wewe najua mimi nilienda hospitali?"

"Hospitali kufanya nini?"

"Kupima masikio. Hiyo karatasi ilisema simu nalia, mimi hapana sikia. Mimi niliamini. Daktari akapima huku, akapima huku, akasema masikio iko sawa." Akapangusa mikono kwenye aproni. "Basi nikajua shida iko kwa kichwa. Tangu hiyo siku mimi hapana omba kazi ya ofisi tena."

Nilimwambia pole. Nikaisema mara nyingi, mpaka mteja mmoja aliyekuwa akisubiri chapati akanitazama. Akello hakulia wala hakunitukana. Aliniuliza kama nina karatasi ya kampuni. Nilikuwa nayo kwenye mkoba. Akavuta stuli upande wake, akanipa kalamu yake, akanisimamia wakati naandika: kwamba Akello alipokea simu zake, kwamba masikio yake na akili yake havikuwa na kosa, na kwamba aliyekosea ni mimi. Akaisoma polepole, kidole kikifuata maneno.

"Weka sahihi," akasema. "Kubwa, kama ile uliweka kwa karatasi ya kwanza."